Shajara ya mradi wa kupima ujifunzaji katika programu ya shahada, Moshi, 2024/2025

Novemba 2024

Mradi huu umeanzishwa kwa sababu ya swali ambalo idara yetu haijawahi kulijibu ipasavyo: mwanafunzi wa shahada ya usimamizi wa biashara ya mazao anapomaliza mwaka wa tatu, anaweza kufanya nini hasa? Kila mwisho wa mwaka tumekuwa tukihesabu waliofaulu, wenye sapu (mitihani ya marudio) na waliopata daraja la pili la juu, kisha tunaifunga taarifa na kuipeleka kitivoni. Taarifa hizo ni za kweli, lakini zinajibu swali jingine.

Alama ya kozi ni mchanganyiko wa mambo mengi. Chuoni kwetu, kama ilivyo katika vyuo vingi nchini, alama 40 hutokana na kazi za muhula na 60 na mtihani wa mwisho, na ndani ya zile 40 mna majaribio, kazi ya kikundi na uwasilishaji wa semina. Mwanafunzi akipata 63 anaandikiwa B+, na hiyo B+ haituambii kama ameipata kwa kukokotoa vizuri na kueleza vibaya, ama kwa kuikariri nadharia na kuikwepa hesabu. Ukizikusanya alama za kozi zote unapata GPA, yaani wastani wa jumla, na GPA ya 3.5 inamfikisha mtu katika daraja la pili la juu, lakini hakuna mahali popote katika hesabu hiyo panapoonyesha kama huyo mhitimu anaweza kukaa mbele ya mkulima wa kahawa na kumweleza malipo yake yamefikaje pale yalipofika. Mwajiri, na mkulima zaidi ya mwajiri, anachotaka kujua ni hicho.

Wajibu wa kulijibu swali hili si mgeni. Mfumo wa tuzo za vyuo vikuu uliotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) mwaka 2012 uliiweka shahada ya kwanza katika ngazi ya 8, na tangu hapo kila mtaala unatakiwa uandike matokeo ya ujifunzaji, yaani yale ambayo mhitimu atayajua na ataweza kuyafanya. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lilitoa mfumo wake wa kanda mwaka 2015 ukiwa na mwelekeo huohuo. Matokeo hayo tunayaandika kila mtaala unapopitiwa upya; kilichobaki nyuma ni kwenda kuyatafuta katika kazi za wanafunzi.

Mtaala wetu ulioidhinishwa una matokeo saba. Mwaka huu tumechagua mawili tu, kwa sababu mradi unaoanza na yote saba huishia kwenye majedwali. La kwanza linahusu kukokotoa na kueleza gharama, bei na malipo ya mkulima. La pili linahusu kutumia ushahidi katika taarifa ya maandishi. Lile la kwanza lilikuwa limeandikwa kwamba mhitimu “ataelewa mfumo wa bei na malipo katika vyama vya ushirika wa mazao”, na hapo ndipo tulipokwama katika kikao cha kwanza, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema atauonaje uelewa huo akiushika mkononi. Benjamin Bloom na wenzake waliyapanga malengo ya elimu kwa ngazi mwaka 1956, na Lorin Anderson na David Krathwohl wakaurekebisha mpangilio huo mwaka 2001 na kuuandika kwa vitenzi: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kubuni. Tumeutumia mpangilio huo kujiuliza tunataka kitenzi gani. Toleo la kazi tuliloafikiana linasema mhitimu “ataweza kukokotoa malipo halisi ya mwanachama kutokana na bei ya mnada na kumweleza mwanachama huyo kila hatua ya hesabu”. Sentensi hiyo haijapita Seneti ya chuo, na haitumiki popote nje ya mradi huu kwa sasa.

Desemba 2024

Kazi ya mwezi huu imekuwa kuchora ramani ya mtaala: kozi zote upande mmoja, matokeo mawili upande wa pili, na katika kila chumba cha jedwali herufi inayoonyesha kama kozi inalitambulisha tokeo hilo, inalikuza, au inalipima.

Katika mzunguko wa kwanza, karibu kila mhadhiri alisema kozi yake inalikuza tokeo la kwanza. Jambo hilo linaeleweka, kwani hakuna anayependa kozi yake ionekane haina mchango. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba chumba hakijazwi bila ushahidi: mtihani, jaribio au maelekezo ya kazi ya muhula ya miaka mitatu iliyopita. Mkuu wa idara aliunga mkono, na mitihani ikaletwa ofisini ikiwa katika mafaili yake.

Tuliisoma mitihani hiyo swali kwa swali, na kazi hii ndiyo iliyotufumbua macho kuliko nyingine yoyote tuliyoifanya hadi sasa. Maswali mengi yanaanza na “Taja” au “Fafanua”. Malipo ya mkulima yanafundishwa mwaka wa kwanza katika kozi ya misingi ya uhasibu, yanapimwa kwa swali moja la hesabu, kisha yanapotea. Mwaka wa pili hayaonekani kabisa. Yanajitokeza tena mwishoni mwa mwaka wa tatu katika ripoti ya mafunzo kwa vitendo, pale mwanafunzi anapotegemewa ayafanye kwa umahiri ambao hakuna aliyempa nafasi ya kuujenga.

John Biggs, mwanasaikolojia wa elimu kutoka Australia, alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1996 aliposisitiza kwamba malengo, shughuli za darasani na upimaji vinapaswa kuelekea upande mmoja. Mwanafunzi hujifunza kile anachoona kinapimwa. Wanafunzi wetu wanarithishana mitihani ya zamani na madesa kutoka mwaka hadi mwaka, na wanasoma kwa kufuata hayo. Wala sioni sababu ya kuwalaumu, kwa sababu mtihani ni tamko la wazi la mwalimu kuhusu kile anachokithamini.

Januari 2025

Mambo mawili ya utaratibu yamekamilika. Kwanza, majina na namba za usajili vitafichwa kwenye nakala zote kabla hazijasomwa, na wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wameelezwa mradi unahusu nini kupitia viongozi wao wa madarasa. Pili, na hili lilichukua muda zaidi, imeandikwa na kusainiwa kwamba matokeo ya mradi hayatatumika katika tathmini ya utendaji wa mhadhiri yeyote. Wenzetu wawili walikuwa na mashaka ya haki. Mhadhiri akihisi kwamba kazi za wanafunzi wake zinasomwa ili yeye apimwe, atatoa nakala nzuri peke yake, na mradi utakuwa umekufa kabla ya kuzaliwa.

Februari 2025

Tumeandaa mwongozo wa vigezo. Umbo lake tumeliazima kutoka kwa vigezo vilivyotolewa mwaka 2009 na jumuiya ya vyuo vya Marekani ya AAC&U, ambavyo huigawa kila stadi katika viwango vinne, kuanzia 1 kwa anayeanza hadi 4 kwa aliyefikia kiwango cha mhitimu. Maudhui tumeyaandika wenyewe, kwa kuwa hakuna kigezo cha mahali pengine kinachozungumzia kahawa inayouzwa mnadani Moshi wala mkulima anayelipwa kwa awamu.

Kabla ya kuanza kusoma nakala halisi tulifanya zoezi la kulinganisha macho yetu. Kila mmoja alipewa nakala zilezile za ripoti za mafunzo kwa vitendo za mwaka uliopita, akazipangia viwango peke yake, kisha tukakutana. Nakala moja ilituweka mezani mchana kutwa. Mhadhiri mmoja aliipa 3, mwingine akaipa 1. Mwandishi wake alikuwa amekokotoa gharama za kukusanya na kusafirisha kahawa kwa usahihi mkubwa, akaweka jedwali safi, lakini maelezo yake ya Kiingereza yalikuwa ya kukatikakatika, sentensi mbili hazikuwa na kitenzi, na aya ya hitimisho ilikuwa haieleweki. Aliyetoa 1 alisema hawezi kumpa zaidi mtu asiyeeleweka. Aliyetoa 3 alimwonyesha jedwali kwa kidole na kumwambia, “Daktari, soma namba zake kwanza, halafu urudi kwenye maneno.” Wote wawili walikuwa wameona kitu cha kweli, ila kigezo chetu kilikuwa kimeyafunga mambo mawili kwa kamba moja.

Tumekitenganisha. Sasa usahihi wa hesabu unapimwa peke yake, hoja inayounganisha hesabu na uamuzi inapimwa peke yake, na uwazi wa maelezo kwa msomaji aliyekusudiwa unapimwa peke yake. Baada ya mabadiliko hayo tumesoma tena fungu jingine, na viwango vyetu vimekaribiana zaidi. Mwenzetu wa takwimu anakipima kiasi cha kukubaliana kwa kipimo cha kapa cha Jacob Cohen cha mwaka 1960, ambacho kina faida moja kubwa: kinaondoa ile sehemu ya makubaliano ambayo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Watu wawili wanaochagua kati ya viwango vinne watakubaliana mara kadhaa hata kama hawasomi, na asilimia tupu ya makubaliano huwasifia bure.

Machi 2025

Mfungo wa Ramadhani na Kwaresima vimekwenda pamoja mwezi huu, hivyo tumehamishia usomaji wa nakala asubuhi na kuacha alasiri wazi. Kazi imekwenda vizuri. Tumechukua kila nakala ya tano kutoka kwenye orodha ya darasa, bila kuchagua, na kila nakala imesomwa na watu wawili.

Kwa upande wa malipo ya mkulima, tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu swali fupi ndani ya jaribio la muhula, kwa namba za kubuni. Bei ya mnada ni dola 250 kwa kilo 50 za kahawa safi. Dola moja ni shilingi 2,600. Mwanachama ameleta kilo 120 za pachimenti, yaani kahawa iliyomenywa, ikaoshwa na kukaushwa, lakini ingali na ganda lake la ndani. Kilo 100 za pachimenti zikikobolewa hutoa kilo 80 za kahawa safi. Kabla ya makato, thamani ya kahawa ya mwanachama huyu ni shilingi ngapi?

Hatua ya kwanza ilikuwa nyepesi kwa karibu wote: dola 250 kugawanya kwa 50 ni dola 5, nazo ni shilingi 13,000 kwa kilo. Hapo njia ikagawanyika. Wengi wao walizidisha 13,000 kwa 120 wakapata shilingi 1,560,000 na kupiga mstari chini. Kiwango cha ukoboaji kilikuwa kimeandikwa wazi katika swali, wakakiruka. Jibu ni kilo 96 za kahawa safi mara 13,000, sawa na shilingi 1,248,000. Tofauti ya shilingi 312,000 kwa mwanachama mmoja ni ada ya shule ya mtoto, na ni chanzo cha ugomvi katika mkutano mkuu wa chama pindi mtu akishaahidiwa namba ya kwanza na kulipwa kwa namba ya pili.

Jambo lililotushughulisha zaidi ni nani waliokosea. Wamo wenye A na B+ katika kozi zote mbili za uhasibu. Wanajua kuzidisha, na wanajua vizuri ukoboaji ni nini, kwa sababu katika mtihani wa kozi ya uchakataji wa mazao waliueleza kwa aya nzima. Walichokosa ni kuviunganisha viwili hivyo, na tulipoirudia ile mitihani ya zamani tuliona sababu: katika kila swali la malipo lililowahi kutungwa, uzito ulitolewa tayari kwa kilo za kahawa safi. Mwalimu wa uhasibu aliwarahisishia ili apime uhasibu mtupu. Mwalimu wa uchakataji naye aliuliza maelezo bila hesabu. Kila mmoja alifanya sawa ndani ya kozi yake, na programu ikabaki na ufa katikati ambao alama za kozi haziwezi kuuonyesha, kwa kuwa kila kozi inapimwa ndani ya kuta zake.

Kuhusu tokeo la pili, la ushahidi katika maandishi, nina machache ya kuandika. Ripoti nyingi zinataja vyanzo, lakini takwimu zinawekwa kwenye jedwali na kuachwa hapo bila kuulizwa chochote. Tutalirudia mwakani likiwa peke yake.

Aprili 2025

Masika imekuwa nzito na safari ya kwenda vijijini tumeisogeza mbele. Badala yake tumekaa na wanafunzi katika makundi madogo, bila wahadhiri wao wa kozi kuwapo, tukawauliza walilionaje lile swali. Jibu lililorudiwa na makundi yote alilianza msichana mmoja wa mwaka wa tatu: “Mwalimu, swali la hivyo halijawahi kutoka.” Kijana mwingine aliongeza kwamba aliiona ile 80 na akadhani imewekwa ili kuwapoteza, kwa sababu wamezoea maswali ya kuchagua yenye namba za mtego. Nimeyaandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa taarifa ya mradi. Yanaeleza zaidi ya wastani wowote wa alama.

Mei na Juni 2025

Hii ndiyo sehemu ya mradi ninayoithamini kuliko zote, na nitaiandika kwa kirefu.

Tokeo letu linasema mhitimu atamweleza mwanachama kila hatua ya hesabu. Mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika katika miteremko ya Kilimanjaro anaelezwa kwa Kiswahili, ana kwa ana, akiwa na stakabadhi yake mkononi. Sisi tumekuwa tukiupima uwezo huo kwa insha ya Kiingereza inayoandikwa ndani ya ukumbi wa mtihani. Lugha ya kufundishia na kutahinia chuoni ni Kiingereza, na mradi huu hauna mamlaka wala nia ya kuibadili. Lakini upimaji unaodai kupima kumweleza mkulima, huku ukipima kumwandikia mhadhiri, haupimi kile ulichokiahidi. Mkuu wa idara alilipeleka jambo hili kwenye kikao, na uamuzi ukawa wa busara: kazi mpya iwe sehemu ya alama 40 za muhula, hesabu na maelezo mafupi viandikwe kwa Kiingereza kama kawaida, na mwanafunzi ayaeleze hayohayo kwa mdomo, kwa Kiswahili, mbele ya wanachama.

Chama kimoja cha msingi upande wa Uru kilikubali kutupokea. Tulikwenda na kundi la kujaribia, si darasa zima. Wanachama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya ghala, mizani mlangoni, na katibu wa chama aliweka mezani daftari la mapokezi pamoja na nakala za stakabadhi ambazo majina yake yalikuwa yamefunikwa. Kila mwanafunzi alichukua stakabadhi moja, akapewa bei ya mnada na kiwango cha kubadilishia fedha, akakokotoa, kisha akasimama kueleza.

Wa kwanza kusimama alikuwa na alama nzuri sana za maandishi. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Alipofika kwenye kilo 96, mama mmoja mtu mzima alimkatiza kwa upole: “Mwanangu, hapo kwenye karatasi pameandikwa kilo mia na ishirini. Hizo tisini na sita umezitoa wapi?” Akajibu kwamba kiwango cha ukoboaji ni asilimia themanini. Mama akauliza tena, naye akarudia jibu lilelile kwa sauti ya juu kidogo.

Kijana wa tatu alipata swali kama hilo kutoka kwa mama huyohuyo. Aliomba ruhusa ya katibu, akachota pachimenti kidogo kutoka kwenye gunia, akazisugua punje kati ya viganja mpaka ganda likaachia, akapuliza na kunyoosha mkono mbele ya mama. “Shikamoo, Mama. Kilo zako zote zilifika salama. Ila mnunuzi wa mnadani hanunui maganda.” Kisha akaeleza kwamba katika kila kilo kumi zinazokwenda kukobolewa zinarudi nane. Mama alitikisa kichwa kuafiki na kuuliza swali la makato, ishara kwamba la kwanza lilikuwa limekwisha. Kijana huyu ana GPA ya chini ya 2.7. Katika kigezo cha uwazi wa maelezo, wapimaji wote watatu, pamoja na katibu, walimpa 4.

Katibu tulimwomba apime kwa mwongozo uleule tuliotumia sisi, na maoni yake yamebadilisha kigezo chetu kimoja. Sisi tulikuwa tumeandika kwamba maelezo mazuri “huanza na bei na kuishia na malipo”, kwa kuwa ndivyo hesabu inavyokwenda vitabuni. Yeye alisema, “Anza na stakabadhi yake. Ukianza na dola, umemwacha nyuma kabla hujafika popote. Mtu anaijua namba yake.” Tumerekebisha. Kigezo sasa kinasema maelezo huanza na kile ambacho msikilizaji anakijua na anacho mkononi. Hakuna mtahini wa nje wala kitabu kilichokuwa kimetuonyesha hilo, na nadhani kila programu inayoandaa watu wa kufanya kazi na wakulima ingefaidika kumweka katibu wa chama kwenye jopo lake la upimaji.

Makato hayakwenda vizuri kwa mwanafunzi yeyote. Hakuna aliyeweza kuyaeleza yote na kusema kila moja linakwenda wapi. Jambo hilo limeingizwa kwenye orodha ya kazi za mwakani.

Julai 2025

Kikao cha idara kimeamua mabadiliko matatu, na hakuna hata moja linaloongeza kozi mpya. Katika kozi ya uchakataji ya mwaka wa pili litaingizwa zoezi la hesabu linalotoka kwenye uzito wa pachimenti hadi kwenye thamani ya kahawa safi. Katika kozi ya pili ya uhasibu, swali la malipo halitatoa tena uzito uliokwisha kubadilishwa. Na kazi ya kueleza kwa mdomo itakuwa ya lazima mwaka wa tatu.

Mjadala mrefu ulihusu muda. Kwa utaratibu wa TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwamo mihadhara, semina, mazoezi na kujisomea mwenyewe, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Kozi ya krediti 12 ina saa 120, na ukiongeza kazi bila kuondoa nyingine unamdai mwanafunzi saa ambazo mtaala haukumwomba. Kwa hiyo kazi ya mdomo imechukua nafasi ya jaribio la pili la maswali ya kuchagua. Mwenzetu mmoja alipinga akisema darasa lake ni kubwa mno na hawezi kumsikiliza kila mwanafunzi, na hoja yake ni nzito. Tumekubaliana wanafunzi waeleze katika makundi ya wanne, kila mmoja akibeba hatua moja ya hesabu bila kujua mapema atapewa ipi, na wahadhiri wasaidizi wagawane makundi. Sijaridhika sana na mpango huo, kwani anayepewa hatua nyepesi hapimwi kama mwenzake. Ila ni bora kuliko kurudi kwenye maswali ya kuchagua.

Mabadiliko ya aina hii, yasiyogusa jina la kozi, krediti wala matokeo yaliyoidhinishwa, yanaweza kuanza mwaka mpya wa masomo. Maandishi mapya ya tokeo lenyewe yatapita kitivoni kwenda Seneti, na yatasubiri mtaala utakapopitiwa upya.

Septemba 2025

Ripoti za mafunzo kwa vitendo zimeanza kurudi kutoka kwa wanafunzi waliokwenda kwenye vyama vya msingi, maghala na skimu za umwagiliaji, ikiwamo ile ya mpunga ya Lower Moshi. Tumezisoma chache kwa mwongozo mpya. Waliokuwa kwenye kundi la Uru wameandika hesabu za malipo kwa hatua zilizokamilika, na wawili wameambatisha nakala ya stakabadhi bila kuambiwa. Waliokuwa kwenye mpunga wamekutana na tatizo lilelile kwa sura nyingine, maana mpunga ukikobolewa nao hupungua uzito unapokuwa mchele, na baadhi yao wamekokotoa mapato kwa bei ya mchele mara kilo za mpunga. Ufa tulioudhania ni wa kahawa ni wa mazao yote yanayouzwa katika umbo tofauti na lile alilolileta mkulima. Zoezi la mwaka wa pili linaandikwa upya ili liwe na sehemu ya mpunga pia.

Yanayosubiri: mhadhiri wa uchakataji ataleta rasimu ya zoezi hilo kabla wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajaripoti, katibu wa chama ameombwa aje chuoni siku moja kutufundisha sisi wahadhiri makato, moja baada ya jingine, na swali la kilo 120, kwa namba nyingine, litatolewa tena kwa mwaka wa tatu mpya katika wiki ya pili ya muhula, kabla hawajafundishwa chochote kipya, ili tuwe na mahali pa kuanzia kulinganisha.